Dereva Hakumbukwi kwa Maneno Matupu

Katika wilaya yetu ya Kasese, toka Mubuku mpaka Bwera, tumekwisha kuwazika wazee wengi waliokuwa madereva wa malori, na kabla ya hapo askari. Makaburini husemwa maneno mazuri. Sisi twauliza: walipokuwa hai walipata nini?

Wazee wa kwanza wa kazi hii wengi walijifunza kushika usukani katika jeshi la Waingereza. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw huko Burma, katika mvua na matope, ikafika Kalewa mwezi Desemba. Vita vilipokwisha 1945, kiinua mgongo kilipimwa kwa rangi ya ngozi. Mwafrika alipewa kidogo kuliko Mzungu.

Waliorudi na ujuzi huo waliingia barabarani. Reli ilifika Kasese mwaka 1956, lakini reli haiingii shambani. Pamba, chumvi ya Katwe na simiti ya Hima zilitaka lori, na lori lilitaka mtu wa kukesha, kubadili gurudumu usiku na kulala chini ya gari pamoja na tanboi wake. Wengi walihama toka tajiri huyu kwenda kwa yule bila karatasi yoyote. Nguvu zilipokwisha, tajiri alitafuta kijana mwingine.

Wako wasemao kwamba dereva alikula posho yake mwenyewe. Hatukubali. Posho ni chakula cha njiani, si akiba ya uzeeni. Sheria ya NSSF ya 1985 iliwaacha waajiri wenye watu chini ya watano, na mwenye malori mawili alipita katika tundu hilo. Tundu lilizibwa mwaka 2022. Sasa kila mwajiri, hata wa mtu mmoja, apaswa kutoa asilimia 10 ya mshahara, na mfanyakazi akatwe 5.

Lakini sheria haijitekelezi yenyewe. Kila dereva, tanboi na mpakizi aulize: namba yangu ni ipi, na fedha zangu zimepelekwa? Akikuta hazikupelekwa, asiende kwa tajiri peke yake. Amwone mwakilishi wa chama, twende wote.

Tukilinda haki ya dereva aliye hai, hapo ndipo tumewakumbuka kweli wale waliotangulia.

Umoja ni nguvu!