Anayeumwa asijibebeshe na lawama

Mtoto mwenye selimundu akishikwa na maumivu usiku huko Ganze au Magarini, Kaunti ya Kilifi, mifupa humuuma hata kuguswa hataki. Chembe nyekundu za damu zimejipinda, zimeziba mishipa midogo, na nyama zilizo mbele yake zinakosa oksijeni. Lakini yapo mengine yanayoingia chumbani humo pamoja na maumivu hayo. Mama anajiuliza alikosea wapi. Mtoto mwenyewe, akishapata akili za utu uzima, anaanza kujiona mzigo kwa nyumba nzima.

Mwaka 2011 watafiti Vicki Marsh, Dorcas Kamuya na Sassy Molyneux walichapisha utafiti kuhusu familia za Kilifi zinazoishi na ugonjwa huu, wakaonyesha jinsi lawama zinavyomwelemea mama. Ni dhuluma. Hitilafu hii hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Baba na mama wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kuzaa mtoto mgonjwa. Na imeenea Pwani kwa sababu aliyeirithi upande mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Hakuna mwenye kosa hapo.

Upande wa dawa, Kilifi ina la kujivunia. Kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust, kilichoanzishwa mwaka 1989, kilishiriki katika jaribio la REACH pamoja na vituo vya Angola, Kongo na Uganda. Watoto 606 walianzishiwa dawa ya haidroksiyurea. Matokeo yalipotangazwa Desemba 2018, vipindi vya maumivu vilikuwa vimeshuka kutoka takriban 98 hadi 45 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Ni nafuu kubwa, ila vipindi hivyo 45 bado vinaliza.

Hapo ndipo mtu anapohitaji kujionea huruma. Mwanasaikolojia Kristin Neff wa Chuo Kikuu cha Texas aliifafanua huruma hiyo mwaka 2003: kujisemesha kwa upole, kukumbuka kuwa mateso ni ya binadamu wote, na kuyatambua maumivu bila kuyakana wala kuyakuza. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2012, uliofanywa kwa watu wanene wenye maumivu sugu ya misuli na viungo, uliona kuwa wenye huruma hiyo hawakulemewa sana na hofu ya maumivu, na shughuli zao hazikuvurugika sana. Haukuthibitisha kwamba huruma ndiyo iliyoleta nafuu, wala haukuwahusu wagonjwa wa selimundu. Hata hivyo, unastahili kusikilizwa.

Wapo watakaosema huko ni kudekezana. La hasha! Kiu, baridi na uchovu ni miongoni mwa mambo yanayoamsha maumivu ya selimundu. Kijana anayebeba madumu ya maji juani ili asiitwe mvivu, au anayemaliza mbio za shule huku miguu imeshaanza kuuma, anajitafutia kitanda cha hospitali. Kwake yeye, kujionea huruma ni kuketi kivulini mapema, kunywa maji kabla ya kiu, na kumwambia mwalimu kuwa mwili umekataa, bila kujitukana moyoni. Si mbadala wa dawa. Homa ikipanda au kifua kikibana, mgonjwa akimbizwe hospitali, na hakuna tafakuri ya kumchelewesha.

Kaunti ya Kilifi inaweza kuanza na kilichopo. Siku za kliniki, Kilifi mjini na Malindi, wazazi na watoto huketi foleni moja kwa saa nyingi. Muuguzi au mhudumu wa afya ya jamii aliyefundishwa anaweza kuutumia muda huo kuwaeleza akina baba, mbele ya wake zao, jinsi ugonjwa unavyorithiwa. Na kijana akifika kwa daktari, baada ya kuulizwa panapouma na kama amemeza dawa, aulizwe pia hujiambia nini maumivu yanapoanza.