Kanuni za bunge la kaunti zinaboesha kusoma, lakini ndizo zinaamua ada unayolipa

KILA mara Bunge la Kaunti ya Nairobi linapokumbwa na vurugu, picha zinazosambaa mitandaoni ni za madiwani wakisukumana na kurushiana cheche za maneno. Sisi vijana tunacheka, tunaunda vichekesho, kisha tunarudi kwa hustle zetu. Lakini nyuma ya zogo hilo mara nyingi huwa kuna swali la kanuni: nani ana haki ya kuzungumza, nani amehesabiwa, na nani anapanga ajenda ya siku.

Kanuni hizo huitwa Kanuni za Kudumu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaruhusu kila bunge la kaunti kujitungia zake, mradi zisikiuke Katiba. Madiwani hao hao ndio humchagua Spika. Kwa lugha ya mtaa, wachezaji ndio wanaandika sheria za mechi, halafu wanachagua refa. Ndiyo maana mashabiki wanafaa kuwa macho.

Chukua kisa cha Mike Sonko. Mnamo Desemba 3, 2020, madiwani wa Nairobi walipiga kura ya kumbandua mamlakani. Sheria inataka hoja kama hiyo iungwe mkono na thuluthi mbili ya madiwani wote, wawe wamefika kikaoni au la. Bunge lilikuwa na madiwani 122, kwa hivyo kura 82 zilihitajika. Zilizohesabiwa dhidi ya Sonko zilikuwa 88.

Hapo ndipo utata ulizuka. Huo ulikuwa msimu wa corona na baadhi ya kura zilipigwa kupitia mtandao. Upande wa Sonko ulidai zaidi ya madiwani 50 walikuwa naye Kwale siku hiyo na hawakumpinga. Hebu piga hesabu: ukiondoa 50 kutoka kwa 122, unabaki na 72. Kama dai hilo lingesimama, hoja ingeanguka. Yaani hatima ya gavana wa jiji kuu ilitegemea swali kavu kabisa: diwani ambaye hayuko ukumbini anahesabiwa vipi? Seneti ilimtimua Sonko Desemba 17, na Julai 2022 Mahakama ya Juu ikatupilia mbali rufaa yake.

Sawa, hiyo ni vita ya wakubwa. Wewe mwenye kinyozi Kayole au kibanda cha smokie Githurai, inakuhusu vipi?

Inakuhusu kupitia Mswada wa Fedha wa kaunti. Humo ndimo mnaamuliwa ada za leseni ya biashara, maegesho ya magari na soko. Mswada husomwa mara ya kwanza, hupelekwa kwa kamati, hurudi kujadiliwa, kisha husomwa mara ya tatu na kupitishwa. Gavana ana siku 14 za kuutia saini au kuurudisha na maoni yake. Akinyamaza, huhesabiwa kwamba ameukubali.

Mlango wa mwananchi uko kwa kamati. Kifungu cha 196 cha Katiba kinasema bunge la kaunti na kamati zake lazima zifanye vikao vyao wazi, na kwamba umma na wanahabari hawawezi kufungiwa nje ila kwa sababu za kipekee ambazo Spika ameona zina msingi. Ukingoja mpaka askari wa kanjo agonge mlango wako akitaka risiti, umechelewa kitambo.

Kiambu walionyesha kwamba hatua hizi si mapambo. Aprili 2014, Jaji George Odunga wa Mahakama Kuu alibatilisha Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013, sababu kuu ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ada zilizokuwa zimepitishwa zikaanguka kwa sababu hatua moja ilifanywa juu juu.

Kuna wanaolalamika kwamba kanuni nyingi zinachelewesha kazi, na wana hoja. Kikao kinaweza kuahirishwa kwa kukosa akidi huku mitaro ikifurika mtaani. Lakini mtu anapoharakisha mambo, jiulize ni nani anarukwa. Mara nyingi ni diwani wa upande wenye kura chache, na wewe mlipa ada. Kanuni ikitumika kwa wapinzani pekee, inageuka kuwa rungu.

Kanuni zinazofaa kubadilishwa zipo. Vikao vya kawaida Nairobi hufanyika Jumanne hadi Alhamisi, saa za kazi. Kijana wa mjengo au mwanafunzi wa chuo atafika saa ngapi? Kamati zinaweza kusikiza maoni Jumamosi, wadini, mahali ambapo watu wako. Hilo halihitaji kubadilisha Katiba. Linahitaji madiwani kukubali tu.

Na hakuna haja ya kungoja wakumbuke. Sheria hiyo ya 2012 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi kwa bunge la kaunti kuhusu jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake. Huhitaji wakili wala godfather. Muulize diwani wako maswali mawili: Mswada wa Fedha uko hatua gani, na kamati itakaa lini na wapi? Asipojua, basi umejua jambo muhimu kumhusu kabla ya kura ijayo.