Sikukuu ya Mavuno Isiishie Mnadani

Kuanzia Oktoba, ukipita vijiji vya Kisarawe na Kibaha utakuta watu wakiokota korosho chini ya mikorosho, embe zinaanza kuiva, na wakulima wanatazama mvua za vuli. Bagamoyo, katika mkoa wetu huu wa Pwani, imekuwa kwa miaka mingi ikifanya karibu na miezi hiyo tamasha lake la sanaa na utamaduni chini ya TaSUBa. Watu hutoka mbali kuja kutazama ngoma.

Parokia nazo zina tamasha lao, yaani sikukuu ya mavuno. Sote tunaijua. Jumuiya ndogo ndogo zinapanda altareni na magunia, ndizi, mayai na mbuzi. Baada ya Misa unafuata mnada. Kuku mmoja ananunuliwa, anarudishwa, ananadiwa tena hadi mara tatu. Watu wanacheka, fedha za ujenzi zinapatikana, kisha kila mmoja anarudi kwake.

Siupingi mnada, maana paa la kanisa haliezekwi kwa maneno. Lakini nauliza: katika sikukuu hiyo, Mzaramo yuko wapi?

Wengi wetu tunaosali Kibaha ni watu wa kuja. Tumeletwa na kazi, viwanja na barabara ya Morogoro. Kwaya zetu hucheza kwa midundo ya Kisukuma, Kihaya au Kinyakyusa, nasi tunafurahi. Mdundo wa Kizaramo, wa watu wenye ardhi tuliyojengea kanisa, ni nadra kuusikia. Chakula cha sikukuu ni pilau na soda. Ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi huonekana chakula cha shida. Mwana hiti, kile kinyago cha mwali wa Kizaramo, kinatunzwa katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, na vijana wetu wa Kipaimara hawajawahi kukisikia hata jina.

Matokeo yake ni kwamba mwenyeji anatuona kama kanisa la wageni. Wabenediktini walifika Pugu, mlangoni mwa Kisarawe, mwaka 1888. Januari 1889 misheni yao iliharibiwa katika vita vya Abushiri. Tangu hapo ni zaidi ya miaka 130. Huo ni muda mrefu mno kuendelea kuitwa wageni.

Najua wapo watakaosema kwamba ngoma za Pwani zina mambo ya unyago na mikesha ya mdundiko isiyofaa watoto. Ni kweli, si kila wimbo unafaa. Lakini hata kwetu bara si kila wimbo unafaa, na bado tumechagua yaliyo mema tukayaleta kanisani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Liturujia ya mwaka 1963, uliruhusu mila za watu zipokewe pale zisipofungamana na ushirikina, chini ya mamlaka ya Kanisa. Mwaka 1995, baada ya Sinodi ya Afrika, Papa Yohane Paulo II alisisitiza kwamba utamadunisho ni kazi ya haraka. Basi kinachotakiwa ni kuchuja, na huwezi kuchuja usichokijua.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kabla ya mnada kuwe na meza ya chakula cha mahali, na wapishi wawe mama wenyeji: kisamvu, mbaazi za nazi, muhogo, korosho. Pili, baada ya Misa, uwanjani, waalikwe wazee wa Kizaramo na Kikwere wapige ngoma zao na kutueleza maana yake. Yatakayofaa kuingia katika Liturujia yatazamwe polepole na wenye mamlaka hayo. Tatu, majirani Waislamu waalikwe kwa heshima. Wenyeji wengi wa huku ni Waislamu, hivyo mchinjaji awe mmoja wao, na pombe na kitimoto visiwepo mezani siku hiyo. Tukifanya hivyo tutapungukiwa kidogo na kupata ujirani mwingi.

Kwa waseminari nina neno la ziada. Ukienda likizo au mwaka wa kichungaji, chukua daftari. Muulize bibi jirani wimbo wa kutwangia na namna ya kupika kisamvu kisiwe kichungu. Padre ajaye anayejua mambo hayo ataingia nyumba ambazo leo tunazipita tu.

Kumbukumbu la Torati, sura ya 16, inaagiza sikukuu ya mavuno isherehekewe pamoja na mgeni, yatima na mjane. Tumezoea kusoma hapo tukijiona sisi ndio wenye nyumba tunaomkaribisha mgeni. Kisarawe na Kibaha mambo yamegeuka: wengi wetu ndio wageni, na mwenyeji alitukaribisha zamani. Mavuno yanayokuja, kabla kamati haijapanga nani atanadi mbuzi, mtu mmoja atumwe kwa wazee wa kijiji akawaombe watufundishe kusherehekea katika nchi yao.