Lita Si Hesabu Yote

Mwandishi anayewashauri wasafiri wa kila siku kati ya Goma na Rutshuru wanunue gari dogo la kisasa la mazutu, eti lita sita kwa kilomita 100, amehesabu lita akaisahau barabara. Kwenda na kurudi ni karibu kilomita 140, na Land Cruiser kuukuu hunywa takriban maradufu. Hilo simpingi.

Lakini injini anayoisifu hupeleka mazutu kwenye injekta kwa shinikizo la zaidi ya baa 1,000. Maji kidogo tu, au uchafu wa bidoni za njiani, huziua, na injekta mpya hula akiba yote ya mafuta. Inaniuma, maana watakaomsikiliza ni watu wanaonunua gari kwa mkopo. Injini ya zamani ya 1HZ ya Land Cruiser, lita 4.2, bila turbo, yenye pampu ya kimakanika, huvumilia mengi zaidi. Tena gari la chini litapita wapi njia ikiharibika? Mei 2021 lava ya volkano ya Nyiragongo iliikata barabara hiihii.

Anayetaka mazutu atafute gari lililoinuka, lenye pampu ya kimakanika na vipuri vinavyopatikana Goma, kisha amwage maji ya chujio kila wiki.