MAONI YETU: SUFURIA YA SHULE NA MTAMA WA KERIO



Kila mmoja wetu mwenye kazi ya mshahara katika Turkana, awe mwalimu wa Lokori, mpishi wa shule Kakuma, dereva au karani wa Lodwar, ajua jambo hili pasipo kuambiwa: mshahara ukifika hali peke yake. Mifugo ikifa, ndugu waja mjini. Mvua zilipokosa kunyesha misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022, nyumba ya mtu mmoja mwenye kazi ilibeba jamaa za watu wawili watatu. Vijana waliokuwa wakipata vibarua vya mafuta huko Lokichar nao walikwisha rudi nyumbani mikono mitupu, maana malori yaliyoanza kubeba mafuta kwenda Mombasa mwaka 2018 yalisimama mwaka 2020.

Tukidai nyongeza ya mshahara twadai haki yetu, na hatutaacha kudai. Walakini sehemu kubwa ya nyongeza hiyo huishia kwenye unga, na unga wenyewe hupanda lori toka Kitale, na nauli ya lori imo ndani ya bei. Basi habari ya mashamba tusimwachie bwana shamba peke yake. Yahusu chama.

Siku hizi neno lililo midomoni mwa wakubwa ni bustani za shule. Neno lenyewe si geni. Wazee wetu wavikumbuka vilabu vya 4K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilivyoanzishwa mwaka 1962. Baadaye vilififia, na mwaka 2021 Serikali ikavifufua. Mtaala mpya nao umeingiza kilimo katika masomo ya watoto kuanzia Gredi ya 4. Twaunga mkono mambo hayo yote mawili. Mtoto wa Lokori aliyepanda kunde kwa mkono wake, akaona jinsi mboji inavyoshika maji katika mchanga, amepata elimu ambayo hakuna mvua itakayomnyang'anya.

Lakini tuhesabu maji kwanza, kabla ya kupiga makofi. Kwa jua la kwetu, tuta moja la mita 1 kwa mita 10 lataka kama lita 60 au 70 kila siku, yaani mitungi mitatu au minne ya lita 20. Matuta kumi yataka mitungi 30 na zaidi. Nani atateka? Ikiwa kisima cha shule kina pampu nzima na maji yasiyo na chumvi, vema. Ikiwa watoto watatumwa mtoni Kerio wakati mto umekauka na maji ni ya kufukua mchangani, hiyo bustani imekuwa mzigo wa wasichana, maana sote twajua ni nani hupewa mtungi.

Yako pia mambo mengine ambayo wageni wanaokuja na magari hawayaoni. Mbuzi wa Lokori hana heshima kwa bustani ya mtu. Ua lataka miiba mingi, na mathenge, ule mti ulioletwa miaka mingi iliyopita ili kuzuia jangwa na sasa umefunga kingo za mito yetu, angalau hapo unaweza kututumikia: ukatwe, matawi yake yawe ua. Tena shule hufungwa mwezi wa Aprili, wa Agosti na mwisho wa mwaka. Wiki mbili bila maji, bustani yote ni majani ya kuwashia moto. Hapo ndipo mwenye shule humgeukia mlinzi wa usiku na kumwambia, "Mwagilia kidogo asubuhi kabla hujaenda nyumbani." Twasema wazi: mlinzi huyo amekwisha maliza saa zake. Akimwagilia, alipwe. Mwalimu naye akipewa bustani juu ya vipindi vyake, vipindi vipunguzwe. Kazi ya bure iliyofichwa nyuma ya mboga ni kazi ya bure vile vile.

Na neno moja kwa walimu, ambao wengi wao ni wenzetu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, shule za Tanzania Bara zilitakiwa ziwe na mashamba. Kusudi lilikuwa jema: mtoto asidharau jembe. Hata hivyo katika shule nyingi jembe likawa adhabu ya mchelewaji, na mahali pengine watoto wakalima shamba la mwalimu badala ya la shule. Mtoto aliyelimishwa kwa adhabu hulikumbuka jembe kama anavyoikumbuka fimbo. Kenya nako hatuna haja ya kujidai wasafi katika jambo hili. Bustani ya shule iwe somo, na mavuno yake yaingie katika sufuria ya shule mbele ya macho ya watoto wote.

Sasa twaja kwenye sufuria yenyewe, maana hapo ndipo penye jambo kubwa. Posho ya mtoto mmoja katika chakula cha mchana shuleni imezoeleka kuhesabiwa hivi: nafaka gramu 150, kunde au maharagwe gramu 40, na mafuta gramu 5. Chukua shule ya watoto 400. Kwa siku moja yataka kilo 60 za nafaka na kilo 16 za kunde. Kwa siku 60 za masomo, hizo ni kilo 3,600 za nafaka, yaani magunia 40 ya kilo 90, na kunde karibu magunia 11. Hakuna bustani ya shule katika Turkana nzima itakayotoa magunia 40 ya mtama. Bustani itatoa sukuma wiki, mchicha, majani ya kunde, pengine mapapai. Ni vitu vizuri, navyo vyatia rangi katika bakuli. Lakini njaa huondolewa na yale magunia 40, na swali letu ni hili: yanunuliwe wapi?

Mto Kerio wapita Lokori. Tangu zamani za babu zetu mama za Kiturkana hupanda mtama katika ardhi iliyoloweshwa na mafuriko ya Kerio na Turkwel, mtama ule unaokomaa upesi kabla unyevu haujakwisha. Atakayekwambia kwamba Mturkana hajui kulima, mwulize amewahi kuzungumza na mama yupi. Pale Morulem, jirani na Lokori, maji ya Kerio huongozwa kwa mifereji mpaka kwenye vishamba vya jamaa. Kule Turkwel kuna Katilu na wenzake. Skimu nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilitegemea sana fedha na mitambo ya kutoka nje, na fedha zilipopungua mashamba mengi yalikauka. Wakulima wenyewe hawakuondoka. Bado wapo, na kweleakwelea wao, na mafuriko yanayobomoa mlango wa mfereji, na hofu ya wezi wa mifugo ambao wameifanya barabara ya Lokori na Kapedo kuwa ya kuombewa dua.

Shida ya mkulima huyu hasa ni soko. Mtama wa jamaa zote huiva wakati mmoja. Mchuuzi hulijua hilo. Huja na mizani yake mwenyewe na bei yake mwenyewe, na mama mwenye deni la dukani hana nguvu ya kungoja. Miezi michache baadaye mama huyo huyo hununua unga wa mahindi kwa bei ya juu, na mwanawe shuleni hula chakula kilichosafirishwa toka mbali. Gunia la mtama la Morulem na sufuria ya shule ya Lokori hukaa jirani bila kujuana.

Je, jambo hili lawezekana kubadilishwa? Chakula cha shule katika Kenya kilianza kuletwa na Shirika la Chakula Duniani mwaka 1980. Mwaka 2009 Serikali ilianza mpango wa kutumia mazao ya nyumbani, shule zikipelekewa fedha ili zinunue karibu nazo. Mwaka 2018 Shirika lilikabidhi kazi yote mikononi mwa Serikali, na sehemu zetu za ukame zilikuwa za mwisho kukabidhiwa. Kumbe baada ya hapo ununuzi mwingi ukarudi kufanywa toka juu, kwa zabuni kubwa ambazo mkulima mwenye magunia manne hawezi hata kuzisoma. Wabrazili walipita njia nyingine. Sheria yao ya mwaka 2009 iliagiza kwamba katika fedha za chakula cha shule zinazotoka serikali kuu, zisizopungua 30 katika kila 100 zinunue mazao ya wakulima wa jamaa. Nasi hatukosi sheria. Sheria yetu ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 yataka kila kaunti itenge angalau 20 katika kila 100 za ununuzi wake kwa wakazi wake. Mkulima wa Morulem ni mkazi wa Turkana. Atakayebisha na aje na kitambulisho chake tulinganishe.

Rudini kwenye hesabu yetu. Jamaa kumi, kila moja ikiuza magunia manne, zimelisha shule ya watoto 400 kwa siku 60. Jamaa kumi tu! Si mradi wa mabilioni. Mwaka 2013 tulitangaziwa bahari ya maji chini ya ardhi ya Lotikipi, magazeti ya dunia yakaandika, na baadaye walipopima wakakuta maji ya chumvi. Twakumbuka jambo hilo kila tunaposikia ahadi kubwa.

Watasema mtama wa wakulima wadogo una mchanga na una sumu ya kuvu. Hoja hiyo tusiidharau: mwaka 2004 watu 125 walikufa Ukambani na sehemu za jirani kwa mahindi yenye sumu hiyo. Lakini sumu haichagui ukubwa wa shamba, hufuata unyevu. Kuna kipimo cha bure ambacho mwalimu aweza kuwafundisha watoto: chukua chupa kavu, tia nafaka na chumvi kavu, tikisa, uache kidogo. Chumvi ikiganda kwenye kioo, nafaka bado mbichi, ianikwe tena. Chumvi isipoganda, yafaa kutiwa ghalani. Hili ni somo la bustani lenye faida kuliko kuimba majina ya mboga ubaoni.

Watasema tena watoto hawapendi mtama. Wapishi wetu wanajibu kwamba ukichanganywa na mahindi na kunde, sufuria hurudi tupu. Twawaamini wapishi.

Jambo moja hatutakubali, nalo ni mkulima kukopwa. Sisi tuliozoea kungoja mshahara uliochelewa twajua maana yake. Mwalimu aliyecheleweshewa aweza kukopa dukani kwa sababu mwenye duka ajua atalipwa siku moja. Mama wa Morulem akiipa shule magunia manne mwezi wa Julai na kulipwa mwezi wa Februari, amekula mbegu yake ya msimu ujao. Safari nyingine atampa mchuuzi, na atakuwa na haki. Fedha ziwe mkononi siku ya mizani, na mizani iwe ya shule, iangaliwe na watu wawili.

Ndugu zetu wa Kakuma wameliona jambo hili kwa upande mwingine. Kambi ilifunguliwa mwaka 1992, na tangu hapo maelfu wamekula chakula cha kuletwa. Mwaka 2025 posho ilipokatwa vibaya, kwa sababu fedha za wafadhili zilipungua, waliokuwa na mboga katika bustani za magunia, zile zinazomwagiliwa maji ya kuoshea vyombo, walikuwa na cha kutia chunguni, ijapokuwa kidogo. Wenyeji wanaowauzia kuni na makaa walipata hasara siku ile ile. Chakula kinachoamriwa na mtu aliye ng'ambo chaweza kukatwa na mtu aliye ng'ambo.

Kwa hiyo twawaomba wanachama wa matawi yote matatu wasingoje barua toka Nairobi. Wengi wetu ni wazazi, na mzazi ana haki ya kusimama katika mkutano wa shule. Wenye kazi katika ofisi za kaunti wawasaidie wakulima kujiandikisha kama kikundi, maana makaratasi ndiyo yanayowafukuza zaidi kuliko ukame. Madereva wanaokwenda Lokori na gari tupu na kurudi tupu wajua wenyewe twalosema. Nasi wa mishahara tununue mtama wa kwetu wakati wa mavuno, gunia zima kwa watu wawili au watatu, kwa bei isiyo ya kumkamua mwenye shida.

Tawi la Lokori lianze mkutano ujao wa wazazi kwa swali hili moja kwa halmashauri ya shule, nalo liandikwe katika kitabu: nafaka iliyopikwa muhula uliopita ilinunuliwa kwa nani, kwa bei gani kila gunia, na ni nani aliyetia sahihi?