Gofu la Msikiti ni Msikiti

Kila likizo ya shule inapokaribia, wazazi hutuuliza swali lile lile: tuwapeleke wapi watoto, mahali penye heshima, pasipo na muziki wa kupasua masikio, na penye jambo la kujifunza? Jibu letu halibadiliki. Wapelekeni kwa wazee wao. Mwambao wetu, kuanzia Lamu hadi Kilwa, umejaa misikiti ya mawe na makaburi ya watu waliosali sala hizi hizi tunazosali, wakiikabili kaskazini kama tunavyoikabili sisi, karne nyingi kabla hatujazaliwa.

Juma hili, hata hivyo, hatukusudii kutaja majina ya mahali tu. Tunataka kusema namna ya kuingia.

Sababu yake ni jambo tuliloliona katika ziara mojawapo, mahali ambapo hatutapataja. Kundi la wanafunzi lilikuwa limesimama ndani ya kuta zilizobomoka, na aliyewaongoza akawaonyesha upenyo wenye tao katika ukuta wa kaskazini, akasema hapo ndipo alipokuwa akiketi mfalme. Vijana wawili wakaingia humo, wakachuchumaa, wakapigwa picha. Miongoni mwa wanafunzi hao walikuwamo wasichana waliovaa hijabu. Mmoja akamnong'oneza mwenzake: "Mbona ni kama ya msikiti wetu?" Mwenzake hakumjibu, wala yeye hakuthubutu kuuliza kwa sauti. Na kweli ilikuwa ni mihrabu. Binti yule alikuwa amekwisha kuujua ukweli, ila hapakuwa na mtu mzima wa kumwambia kuwa amepatia.

Ndugu wazazi, hapo ndipo tunapopoteza. Tumeiacha misikiti ya wazee wetu iitwe magofu, kisha nasi tukaingia humo kama watalii. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi wa watu wa mwambao tangu zamani, msikiti uliowekwa wakfu ukibomoka hautoki katika hukumu ya msikiti. Paa likianguka, ardhi inabaki kuwa ile ile. Basi mwenye kuingia aingie kwa mguu wa kulia na dua yake, avae mavazi ya stara, asile wala kuvuta sigara humo, na asiketi juu ya ukuta wa mihrabu kwa ajili ya picha. Kuhusu viatu hatutii mkazo, maana humo mna miiba na vipande vya mawe. Viwe safi, yatosha. Mambo ya undani zaidi, kama vile hukumu ya mwenye hedhi kuingia humo, familia imuulize shekhe wake kabla ya kufunga safari.

Baada ya hayo, twende Kilwa.

Kilwa Masoko iko kilomita zipatazo 300 kusini ya Dar es Salaam, na kisiwa chenyewe, Kilwa Kisiwani, kiko ng'ambo fupi ya maji. Kibali hupatikana Masoko kabla ya kupanda mashua. Tengeni siku mbili, kwani anayekwenda na kurudi mbio mbio huambulia joto na picha za simu. Chukueni maji ya kutosha na kofia za watoto, na nendeni asubuhi.

Msikiti Mkuu ndio wa kuanzia. Sehemu yake ya kaskazini ndiyo kongwe zaidi. Asili yake ni karne ya 11. Katika karne ya 14 ukaongezwa upande wa kusini, mkubwa kuliko ule wa kwanza, wenye matao na kuba. Waelezeni watoto jinsi ulivyojengwa, kwa sababu hapo ndipo macho yao hufunguka. Wajenzi waliyatoa matumbawe baharini yangali mabichi, yakakatika na kuchongeka kwa urahisi, kisha yakakauka na kuwa magumu. Matumbawe mengine yakachomwa yakawa chokaa ya kuungia mawe. Bahari ile ile iliyowapa samaki iliwapa na nyumba ya kusalia. Kando ya msikiti kuna mahali pa kutawadhia. Mtoto aliyefundishwa udhu madrasa haoni haja ya maelezo pale.

Mwaka 1331 alifika hapa Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi, kwa ukarimu wake. Msafiri huyo anawasifu watu wa Kilwa kwa dini na wema. Anasimulia kwamba siku moja, Sultani alipokuwa akitoka katika sala ya Ijumaa, fakiri kutoka Yemen alimsimamisha njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia nyumbani kwa khatibu, akazivua, akavaa nyingine, akampa.

Kisa hiki watoto hukipenda, na sisi hukisimulia. Lakini hukisimulia hadi mwisho wake. Mwana wa Sultani alizitaka zile nguo zirudi, akamlipa fakiri watumwa kumi. Na Sultani aliposikia jinsi watu wanavyomsifu, akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Wako wazazi wanaopendelea kuishia pale nguo zinapovuliwa. Sisi hatuoni hivyo. Mtoto asipoambiwa na mzazi wake kwamba utajiri wa Kilwa ulikuwa na watu waliouzwa ndani yake, ataambiwa na mwingine, tena kwa namna ya kumfanya aione dini yake nzima kuwa ni biashara hiyo. Akiambiwa na baba au mama, mbele ya mihrabu, ataweza kuuliza, na ataweza kutofautisha kati ya yaliyoamrishwa na Mwenyezi Mungu na yaliyotendwa na watu.

Utajiri huo ulitokana hasa na dhahabu iliyopitia Sofala. Kilwa ilikuwa na sarafu zake za shaba: upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola, na pande hizo mbili zikipatana kwa vina. Sarafu moja yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana mbali sana bara, katika magofu ya Great Zimbabwe. Kasri lake, Husuni Kubwa, liko kwenye genge juu ya bahari, mwendo wa miguu kutoka msikitini, na birika lake la pembe nane bado linaonekana. Njiani kuna jua kali. Wazee na watoto wadogo wabaki kivulini bila kuona wamepungukiwa.

Vijana wengi hukimbilia Gereza, lile boma la pwani, kwa kuwa lina sura ya ngome za sinema. Kwa maoni yetu ndilo lenye machache ya kusema kuliko yote, ila moja: mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliuteka na kuupora mji huu, wakajenga ngome, na mwaka 1512 wakaondoka. Boma linaloonekana leo kwa sehemu kubwa ni la Waomani, lililojengwa baadaye juu ya mabaki ya ile ya kwanza.

UNESCO iliiweka Kilwa Kisiwani pamoja na Songo Mnara katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Kuanzia 2004 hadi 2014 mahali hapa palikuwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa kuta zilikuwa zikianguka na bahari ikimega ufuo. Kuondolewa katika orodha si kwamba mawimbi yameacha kupiga. Mzazi anayesema "mwakani" azingatie hilo.

Wasio na uwezo wa safari ya Kilwa, na wakazi wa Dar es Salaam ni wengi walio hivyo, wana Kaole, kilomita chache kutoka mjini Bagamoyo. Ni safari ya siku moja. Kuna misikiti miwili iliyobomoka na makaburi yenye nguzo za mawe. Baadhi ya nguzo hizo zilipambwa kwa bakuli za kauri kutoka China. Toeni salamu kwa waliolala hapo kama alivyotufundisha Mtume (S.A.W.), na msikae juu ya makaburi, maana amelikataza. Pana mbuyu mkubwa ambao wageni huambiwa kuwa mwenye kuuzunguka huongezewa miaka. Watoto waacheni wacheze chini ya kivuli chake, lakini wajue kwamba umri uko kwa aliyeumba mbuyu. Ndugu zetu wa Malindi na Mombasa nao wana Gedi, yenye msikiti mkubwa na kaburi lililoandikwa mwaka 802 Hijria, yaani 1399.

Tumeuacha mwisho ule tunaoupenda kuliko yote. Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, kuna msikiti mdogo wenye paa la bati, ambao mtu aweza kuupita bila kugeuza shingo. Ndani yake, ukutani penye kibla, kuna maandishi ya Kufi yaliyochongwa katika matumbawe, na tarehe yake ni mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Jengo lilijengwa upya katika karne ya 18, lakini maandishi yalibakizwa mahali pake. Watu wanasali humo mpaka leo. Hapa hakuna haja ya kumfafanulia mtoto kwamba gofu ni msikiti, kwa kuwa gofu halipo. Upo msikiti tu, ambao haukuachwa.

Tulifika pale na familia tatu, kabla kidogo ya Adhuhuri. Mwenyeji mmoja alitukaribisha, akatuonyesha maji ya kutawadhia, akawaambia watoto wasiguse maandishi kwa mikono iliyolowa. Kisha ikakimiwa. Tulikuwa safu mbili na nusu, na ile nusu ilikuwa ya watoto.