Kabla hujasaini fomu ya kadeti

Wazazi mlioko ughaibuni, neno kadeti lisiwatishe, na magwanda yasiwapumbaze. Mtoto akijiunga hajawa askari. Lakini kadeti wa Canada, Uingereza na Marekani hawafanani.

Canada huchukua vijana wa miaka 12 hadi 18, wa majini, nchi kavu na angani, na kujiunga ni bure. Uingereza, Sea Cadets huanza na miaka 10. Wenzao wa nchi kavu na anga husubiri hadi 12. Wengi huenda jioni au wikiendi, na mtoto akichoka anaacha.

Marekani ni habari nyingine. Kule JROTC ni somo ndani ya sekondari, lina maksi, na kulitoka katikati ya muhula si kama kuacha klabu. Mwaka 2022 gazeti la New York Times liliripoti kwamba baadhi ya shule ziliwaandikisha wanafunzi bila wao kuchagua, na kwamba wakufunzi wasiopungua 33 walikuwa wameshtakiwa kwa makosa ya kingono dhidi ya wanafunzi katika miaka mitano. Mimi ningeanza na hilo: nani analala kambini na watoto, na wako wangapi?

Mazoezi yana faida, sikatai. Ila usifiche pumu kwenye fomu ya afya eti mwanao asikataliwe. Usiku wa manane, mkufunzi asiyejua inhela iko begi gani atamsaidiaje? Andika dawa na saa zake, na mtoto abaki na nakala.